Kula Kulala Alipe: Mwongozo wa Kodi ya Chumba Nyumbani kwa Mama

Mwongozo huu unamhusu mtu mmoja tu, na anajijua. Ana ndevu zilizokomaa, ana kitambulisho cha NIDA, ana simu ya bei mbaya na mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, lakini jioni akirudi anafunua sufuria la mama yake kabla hajavua viatu. Mtaani wanamwita kula kulala. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia yupo pale kumwangalia bi mkubwa. Bi mkubwa ndiye anayemwangalia yeye.

Sisemi ahame. Anayekaa kwao Dar es Salaam hana cha kuonea haya. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima, na dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Chumba cha shilingi 60,000 kinakudai 420,000 taslimu siku ya kwanza, na hapo hujanunua godoro, jiko la gesi wala ndoo. Kijana anayejipanga akiwa kwao anafanya jambo la maana. Ninachosema ni kwamba alipe. Alipe kila mwezi, kiasi kinachojulikana, tarehe inayojulikana, bila kukumbushwa. Na kwa kuwa wengi hawajui pa kuanzia, waanzie hapa.

Kaa koridoni mita inapolia

Nyumba nyingi za zamani za Temeke, Magomeni na Ilala zina ramani moja: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma uani penye jiko, bafu na choo. Wazee waliojenga nyumba hizo walijua wanachofanya. Mama anakaa chumba kimoja, vingine vinapangishwa, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni ya mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Ndiyo inayonunua dawa za presha. Ndiyo inayoita gari la majitaka shimo likijaa, na ndiyo inayolipa pango la ardhi serikalini.

Sasa tazama saa tatu usiku mita ya LUKU inapoanza kulia. Mama anajitanda khanga, anatoka. "Hodi, mama Nasra. Umeme unakata." Elfu mbili inatoka. Mlango wa pili, elfu mbili. Wa tatu wameshalala, mkono tu unatokeza na noti. Wa nne ni wa fundi cherehani, anasema subiri kidogo mama, anapekua mifuko ya suruali iliyotundikwa ukutani mpaka anapata. Mlango wa tano una mwanga kwa chini. Ndani feni inavuma, sabufa inadunda, jagi la umeme linachemsha maji ya chai. Huo mama haugongi. Anaupita, anarudi chumbani kwake, anaongeza elfu nne badala ya elfu mbili yake, anatafuta miwani, ananunua umeme kwa simu. Kama ndiyo mara ya kwanza mwezi huo, kabla ya uniti hata moja inakatwa kwanza shilingi 1,500 ya kodi ya jengo. Utaratibu huo ulianza mwaka 2021 kwa shilingi 1,000, mwaka 2023 ukapanda.

Hakuna aliyesema neno, lakini wapangaji wanne wameona. Mwezi ujao mmoja wao akichelewesha kodi, mama atamdai kwa mdomo gani? Mpangaji ana jibu moja tu, nalo linamnyamazisha: "Mbona yule wa chumba cha mbele?" Mtoto asiyelipa hali ugali peke yake. Anakula na kauli ya mama ndani ya nyumba aliyoijenga.

Kwenye nyumba ndogo isiyo na wapangaji mambo si nafuu sana. Mita ya matumizi madogo hutozwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo ni shilingi 350. Wazee wawili wenye taa nne, redio na runinga wanaishi vizuri ndani ya hizo 75. Anarudi mtoto wao mkubwa kutoka chuo, anakuja na friji dogo la vinywaji ambalo peke yake laweza kumaliza uniti 30 kwa mwezi, anapiga pasi mashati matano kila Jumapili, na matumizi yakizoea kuzidi, mita inapandishwa daraja. Wazee wanabaki kushangaa kwa nini umeme wa elfu kumi hauishi tena siku zile zile. Kabla ya kulipa chochote, soma mita. Mwezi mmoja utakutosha kujua unagharimu nini.

Muulize dalali, usijiulize mwenyewe

Ukijipangia kiasi mwenyewe utajionea huruma. Nenda kwa dalali wa mtaa, yule mwenye ubao wa chaki na simu mbili, umuulize chumba kama cha kwenu kinakwenda shilingi ngapi. Usimwambie ni cha kwenu. Akikutajia 60,000, hiyo ndiyo kodi yako kama mama anategemea vyumba. Chumba unacholalia kingeweza kulaliwa na mtu anayelipa, kwa hiyo kila mwezi unaokaa bure kuna 60,000 ambayo mama hakuipata, na hakuna aliyeiandika popote.

Kama wazazi hawategemei vyumba, yaani baba ana pensheni yake na nyumba ni ya familia tu, chukua bili moja iwe yako kabisa. Iwe umeme wote, au maji na taka, au gunia la mchele na mafuta. Chukua kitu chenye jina. "Huwa nasaidia saidia pale nyumbani" si kitu. Ukiulizwa ulisaidia nini mwezi uliopita utakuna kichwa.

Kodi ya chumba isichanganywe na chakula. Chumba ni chumba. Ukila pale kila siku, weka na hela ya sokoni, na uwe umewahi angalau kwenda Tandale au Buguruni mwenyewe ukajua fungu la nyanya na kilo ya maharage zinauzwaje. Kuna vijana wanaomwachia mama elfu tano ya "mboga" wakitegemea kukuta kuku.

Najua jibu linalokuja: mshahara wenyewe mdogo. Basi tuuhesabu. Chukua kijana mwenye mshahara wa 500,000 aliyesoma kwa mkopo. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, ambayo ni 75,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 50,000. Kodi ya mapato ni 14,400. Mkononi inafika 360,600. Kama anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa nauli ya shilingi 600 iliyopangwa mwisho wa mwaka 2023, siku 26 za kazi zinakula 62,400. Zinabaki 298,200. Akimpa mama 60,000 ya chumba na 60,000 ya chakula anabaki na 178,200, hana kodi ya miezi sita inayomkimbiza wala dalali anayempigia simu. Akiweka 70,000 kila mwezi, ndani ya miezi sita ana zile 420,000 za kuhamia kwake. Anayekwambia haiwezekani, muulize anatumia kiasi gani kwa bando, bia na mechi.

Jinsi ya kumwambia

Hapa ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu mama wa Kiswahili hatozi mtoto kodi. Ataona umetukanwa, au umemtukana. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuanzia mwezi huu nitakuwa naleta elfu sitini ya chumba, kila tarehe mosi."

"Chumba gani?"

"Changu."

"Nikutoze kodi, mwanangu wa kumzaa? Watu watanionaje?"

Usibishane naye, na usimhutubie. Mwambie, "Watu hawapo mama, tupo mimi na wewe," kisha weka hela juu ya meza, mahali anapowekaga miwani, ukalale. Mwezi wa kwanza atakuita akurudishie, kataa. Mwezi wa pili ataichukua akiguna. Mwezi wa nne ukifika tarehe tatu hujaleta, utamsikia akikohoa uani, na kikohozi hicho ni dalili njema: ameshaanza kuipangia bajeti. Ndicho tunachokitafuta. Zawadi ya kushtukiza ni nzuri, lakini mama hawezi kuahidi muuza mkaa kwa zawadi ya kushtukiza. Anayepewa akibahatika hushukuru na kusubiri. Anayelipwa tarehe mosi hupanga mambo yake.

Kama baba yupo, jua kwamba wazee wengi hawapokei hela mkononi mwa mtoto mbele ya macho ya watu. Mpe mama, halafu mkiwa barazani mwambie tu, "Baba, ile ya nyumba nimeshampa mama." Atajibu "Haya" bila kugeuza kichwa kutoka kwenye taarifa ya habari. Ameridhika kabisa.

Ukilipa kwa simu, ongeza hela ya kutolea. Mama akipewa 60,000 na wakala akabaki na chake, hujalipa 60,000.

Na wapo wajomba watakaokuita pembeni kukwambia kwamba mtoto kumlipa mzazi ni mambo ya Wazungu. Waulize kwa heshima kama wanaujua Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa na viongozi wa Afrika mjini Nairobi mwaka 1981, na Tanzania ikauridhia mwaka 1984. Kifungu cha 29 kinampa kila mtu wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wanapohitaji. Mkataba huo haukuandikwa Ulaya. Na kwa upande wa umri, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mwenye miaka 31 anayelalamika kwamba "mzazi hamtozi mtoto" ametimiza nusu tu ya sentensi yake.

Dada wa nyumbani ameshalipa

Kwenye jambo hili naomba tusicheze. Katika nyumba hiyo hiyo yenye kaka asiyelipa mara nyingi kuna dada mtu mzima anayeamka saa kumi na moja, anafagia uwanja, anabandika chai, anamwogesha bibi, anafua mashuka ya kaka yake, halafu anakwenda kazini kama kila mtu. Likija suala la michango, wote wawili wanaambiwa walete 50,000, na kaka anajiona muungwana kwa kuwa amekubali usawa.

Huo si usawa hata kidogo. Kazi ya dada ina bei, na bei yake inajulikana siku dada anapoolewa au anapohamia Dodoma kikazi, nyumba ikalazimika kumtafuta msichana wa kazi, kumlipa na kumlisha. Kabla ya kumdai dada shilingi moja, kaa chini uhesabu anachofanya kwa wiki. Ukimaliza, ama yeye asilipe, ama kaka ashike ndoo na dekio. Sijaona njia ya tatu. Na kijana wa kiume anayelipa kodi lakini boksa zake zinafuliwa na mama mwenye miaka 64, mwenye maumivu ya magoti, bado anadaiwa.

Asiye na kazi naye asijifiche nyuma ya ukosefu wa kazi. Hatumdai asichonacho. Lakini bati la jikoni linalovuja linahitaji mtu wa kupanda juu, mama ana siku ya kliniki na foleni ya huko ni ya kuanzia alfajiri, shimo la taka limejaa, wapangaji wanataka daftari la umeme linaloeleweka. Kijana asiye na kazi akiyabeba hayo kwa ratiba, bila kusukumwa, amelipa. Mgonjwa hadaiwi kitu. Huyo anatunzwa, na kaka zake ndio wanaoongeza.

Makosa yanayofuta malipo

Kosa kubwa ni kukopa kodi uliyolipa. Umempa mama tarehe mosi, tarehe tisa unamwambia, "Mama, niazime ile elfu thelathini, Ijumaa narudisha." Ijumaa ya mwezi gani hukusema. Kodi iliyolipwa tarehe mosi na kukopwa tarehe tisa haijalipwa, na mbaya zaidi umemfanya mama aione hela yake halafu aikose.

La pili ni kuifuata hela inakokwenda. Umeshatoa, si yako. Akiitia kwenye upatu, akinunua kitenge cha sare ya harusi ya mtoto wa jirani, akamtumia mjukuu aliyeko Tanga, mwache. Hukumuuliza mwenye nyumba yeyote duniani kodi yako ameifanyia nini. Nimesikia kina mama wanaoiweka yote kwa kijumbe na kumrudishia mtoto siku anapooa. Ni wema mkubwa, upokee kwa mikono miwili ukitokea, ila usiuwekee matumaini. Kodi yako si akiba yako. Ukitaka akiba, zile 70,000 tumeshazihesabu.

La tatu ni kudhani kwamba anayelipa ameshakuwa mkubwa wa nyumba. Kodi haikupi ruhusa ya kurudi saa nane usiku na kugonga geti mpaka mtaa uamke. Haifuti shikamoo. Haikuondolei kazi ya kubeba mtungi wa gesi. Inachokupa ni hodi: mama agonge mlango kabla ya kuingia, asikupekulie mifuko kwa kisingizio cha kufua, asikwambie mbele ya mchumba wako kwamba unakula bure. Hiyo ni haki yako na unaweza kumkumbusha kwa upole. Wazazi nao wana sehemu yao hapa. Mzazi anayepokea kodi tarehe mosi na tarehe mbili akamwambia mtoto "kwangu hapa huna lako", anaharibu.

La nne ni zito, na ndilo linalowafikisha watu Mahakama ya Mwanzo. Kulipa kodi hakukununulii nyumba. Utalipa miaka kumi, mzee akifariki nyumba inaingia kwenye mirathi, na dada yako aliyeko Mwanza ana haki yake pale kama wewe. Ugomvi unaanzia kwa yule aliyeongeza kitu: amejenga chumba uani, ameweka tailizi, amebadilisha bati, halafu miaka ishirini baadaye anasema nyumba ni yake kwa sababu ana risiti za saruji, na wenzake wanasema alikuwa anakaa bure, hiyo ilikuwa kodi. Wote wanaamini wanachosema, na mtu pekee aliyejua kilichokubaliwa yuko makaburini. Ukitaka kujenga kwa wazazi, jenga, lakini kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji andikeni karatasi: hii ni zawadi kwa mama, au ni kodi ya miaka mitatu iliyolipwa mbele, au ni deni. Mama atie sahihi au dole gumba, wadogo zako waione, mjumbe aishuhudie. Si kukosa imani. Ni kuwapunguzia ndugu sababu ya kuchukiana wakiwa bado na tanga.

Nunua daftari la shilingi mia tano. Andika mwezi, kiasi, na mama aweke alama yake anayoitaka. Liwekeni kabatini pamoja na hati ya nyumba. Daftari hilo litamlinda mama siku unaposema ulishalipa wakati hujalipa, na litakulinda wewe siku ndugu zako watakaposema ulikuwa kula kulala.

Kama umesoma mpaka hapa na bado una swali la lini uanze, jibu ni mshahara huu unaokuja. Siku ukiingia, kabla hujanunua bando na kabla hujajibu ujumbe wa kikundi cha harusi, toa ya chumba uiweke kando. Mita ikilia usiku, usisubiri mama apite mlangoni kwako. Toka na elfu mbili yako mkononi, umfuate.